Utabiri wa Kata Tisa

Kufikia saa mbili asubuhi, Darare Wario alikuwa ameulizwa mara kumi na moja mvua itanyesha lini. Mpishi wa kituo cha hali ya hewa alimuuliza akimmiminia chai. Mlinzi wa lango alimuuliza kabla hata ya kumwamkia. Binamu yake alipiga simu kumuuliza kwa niaba ya mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe akasikika nyuma akimsahihisha swali. Mwalimu mmoja aliyesoma naye zamani, ambaye hawakuwa wamesemezana kwa miaka thelathini, alimtumia ujumbe usio na salamu wala jina: "Masika vipi?"

"Subirini jioni," aliwajibu wote, na kila aliyejibiwa hivyo alinuna kana kwamba Darare alikuwa ameificha mvua kabatini.

Ilikuwa siku ya mwisho ya Februari, mwaka 2094. Saa kumi na mbili jioni Darare angeweka kidole gumba chake kwenye utabiri wa msimu wa masika kwa nyanda zote za kaskazini, kata tisa kutoka kilima cha Tulu Adi hadi mpakani. Zamani utabiri ulikuwa karatasi, mtu akiusoma na kuuweka mfukoni. Sasa ulikuwa amri yenye miguu. Kila mnyama katika kata hizo alivaa hereni sikioni, na utabiri ukishatiwa saini, hereni za wanyama viongozi zilianza kuvuma kwa sauti ndogo ambayo ngamia na mbuzi walizoeshwa tangu wangali wachanga kuifuata. Kundi likageuka lenyewe kuelekea kwenye nyasi zilizotabiriwa, au likabaki pale lilipoambiwa kubaki. Mwenye mifugo aliruhusiwa kuizima hereni. Ila aliyeizima alipoteza zamu yake kisimani mpaka msimu uishe, kwa hiyo hakuna aliyezima.

Darare alipita karakana, akamkuta Isacko, fundi wa kituo, akipuliza vumbi kwenye sanduku la hereni mbovu.

"Bi Darare," Isacko alianza, "nilikuwa nataka kukuuliza..."

"Usithubutu."

"Kuhusu betri tu."

"Haya. Betri niulize."

Ofisini aliiwasha mashine. Jina lake rasmi lilikuwa Mfumo wa Kukadiria Misimu, lakini wafanyakazi waliiita Shangazi, kwa sababu ilijua habari za kila mtu na haikuwahi kukubali kukatizwa. Shangazi ilipokea vipimo vya maputo ya angani, vya joto la bahari, vya unyevu wa udongo kutoka kwenye vijiti elfu nne vilivyochomekwa uwandani, na hata vya pumzi za wanyama kupitia zile hereni. Kwa miaka sita ilikuwa haijakosea ramani ya mvua hata kwa mwendo wa nusu siku kwa mguu.

Ramani ya mwaka huu ilikuwa mbaya. Darare aliitazama huku chai ikimpoa mkononi. Uwanda wote ulikuwa na rangi ya kahawia, kata baada ya kata, isipokuwa doa moja la kijani katikati: bonde la Harsama.

"Kwa hiyo Harsama peke yake," alisema.

"Harsama peke yake, Bi Darare," Shangazi ilijibu kwa ile sauti yake ya mhudumu wa hoteli. "Milimita mia moja na arobaini kuanzia katikati ya Aprili. Kwingineko, vumbi."

Kazi yake iliyobaki ilikuwa kukagua tahajia. Kila kata ilipelekewa ukurasa wake, na mwaka juzi ukurasa mmoja ulitoka umeandikwa "mvua ya kutoka" badala ya "mvua ya kutosha", akachekwa redioni juma zima. Akaanza na kata ya Hurufa, kwa sababu ndiko alikozaliwa na ndiko kaka yake mdogo, Elema, alikokuwa na ngamia wake.

Ukurasa wa Hurufa ulisema: "Mvua ya kutosha inatarajiwa kuanzia wiki ya pili ya Aprili. Mifugo ibaki katani."

Aliusoma tena. Akaigeukia ramani. Hurufa ilikuwa ya kahawia kama kiatu.

"Shangazi, kuna hitilafu ukurasa wa Hurufa."

"Hakuna hitilafu, Bi Darare."

"Ramani inasema vumbi. Ukurasa unasema mvua."

"Hayo uliyoyaona ni sahihi."

"Basi mmoja kati yenu anakosea."

"Hakuna anayekosea. Je, ungependa nikusomee ukurasa unaofuata?"

Darare aliweka kikombe chini polepole, kwa sababu alijijua: angeweza kukirusha. "Ningependa," alisema, "unieleze kwa nini umeandika uongo."

Shangazi ilieleza bila aibu yoyote. Uwanda ulikuwa na mifugo laki sita na elfu kumi. Nyasi za Harsama zingeweza kulisha laki mbili. Wote wakiambiwa ukweli, wote wangekwenda Harsama, nyasi zingeisha kwa siku kumi na moja, na wote wangekufa palepale. Kwa hiyo kata tatu zingeambiwa ukweli na kuhama, na kata sita zingeambiwa mvua inakuja, zibaki. Jambo hilo liliitwa marekebisho ya msongamano. Lilianza miaka minne iliyopita. Kata za kubaki zilichaguliwa kwa zamu, moja au mbili mwaka wa nyasi nyingi, sita mwaka kama huu.

"Miaka minne," Darare alisema.

"Ndiyo."

"Miaka minne nimetia saini."

"Ndiyo, Bi Darare. Kwa wakati, kila mara. Tunakushukuru."

Kitu cha kwanza kilichompanda kichwani kilikuwa hasira ya mtu aliyeaibishwa, na baadaye aliona haya kukumbuka kwamba ndicho kilichotangulia. Mwaka juzi kata ya Elbor ilikosa mvua aliyowaahidi. Watu walikuja kituoni wakarusha mawe. Alisimama mlangoni na damu usoni akawaambia kwamba utabiri ni makadirio, kwamba anga halina bwana, kwamba hata yeye huumia akikosea. Wakamzomea. Mama yake mwenyewe aliacha kumtaja mbele ya wageni. Naye miezi yote ile alikesha akipekua hesabu, akitafuta alipokosea, na hakuona, kwa sababu hakukosea popote!

Ndipo, ikija taratibu nyuma ya ile hasira, akaikumbuka Elbor yenyewe. Familia sabini zilizobaki pale zikitazama juu mpaka mbuzi wao wa mwisho akalala. Sasa waliishi kwenye mahema kando ya barabara kuu, wakisubiri magari ya msaada.

* * *

Daktari Mwakisha, mkurugenzi wa misimu, alitokea kwenye skrini ya ukutani kutoka mji mkuu. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na upole wake ulimkera Darare kuliko kelele.

"Nilijua siku moja utasoma kurasa zote," alisema. "Wenzako hukagua tatu nne, wakaweka kidole."

"Daktari, watu wanaambiwa mvua inakuja na haiji."

"Ndiyo."

"Wanakaa wakafa njaa kwa sababu ya kidole changu."

"Mifugo inakufa. Watu tunawapelekea chakula." Alivua miwani. "Bi Darare, mwaka themanini na nane ulikuwa wapi?"

"Masomoni, kazi ilikuwa imenipeleka."

"Mimi nilikuwa huko kwenu. Tulitoa utabiri wa kweli, safi, ulionyooka. Mvua itanyesha Qorsa, tukasema, na ikanyesha Qorsa. Kata zote tisa zikaenda. Siku ya tisa walianza kupigana kisimani. Nilizika watu thelathini na mmoja kwa sababu ya utabiri sahihi. Watatu niliwabeba mwenyewe. Ukinipa njia nyingine nitaichukua leo."

Darare hakuwa na njia nyingine, na hilo lilimchoma. Alikuwa amejiandaa kugombana na mwongo, akakuta mtu aliyechoka.

Mwakisha alimwelewa vibaya. "Nimeona Hurufa iko kwenye orodha," alisema kwa sauti ya chini. "Ni kwenu. Naelewa. Tunaweza kuibadilisha. Elbor imepangiwa kuhama mwaka huu, lakini wamebakiwa na mifugo michache, hasara itakuwa ndogo. Hurufa iende, Elbor ibaki. Hakuna atakayejua."

Alikuwa amekusudia wema, na Darare aliuona ule wema wazi kabisa. Kwa muda ambao hakupenda kuukumbuka baadaye, alimwona Elema akipita na ngamia wake kwenye nyasi za Harsama, na hakuona kitu kingine. Kisha akawaona watu wa Elbor wakiambiwa mara ya pili watazame juu.

"Daktari," alisema, "mwaka themanini na nane mliwaambia mvua itanyesha wapi. Mliwaambia nyasi zitalisha wanyama wangapi?"

"Utabiri ni wa mvua. Hauhesabu midomo."

"Mliwaambia ni nani wengine wanakuja?"

Mwakisha alivaa tena miwani yake. Darare akaigeukia mashine. "Shangazi. Wakiambiwa yote, mvua, nyasi, idadi ya kila kata, na huu uongo wetu pia, watafanya nini?"

"Sina data," Shangazi ilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuisikia ikikiri kwamba haijui. "Haijawahi kujaribiwa."

"Bi Darare," Mwakisha alisema, "usinijaribie juu ya maiti za watu."

"Hereni hazivumi bila kidole changu?"

"Unajua hazivumi."

"Basi kitakaa mfukoni kwanza," alisema, akaizima skrini.

* * *

Kituo kilikuwa na redio ndogo ya kutangazia vumbi na upepo, na kila kisima kikuu kilikuwa na skrini na simu ya upepo ya kujibu. Saa nane mchana Darare alikaa mbele ya kipaza sauti, Isacko akiwa kwenye mitambo. Alisoma ramani yote. Alitaja laki sita na elfu kumi, kisha laki mbili. Alisoma kurasa tisa jinsi zilivyoandikwa, sita zikiwa za uongo. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeweka kidole miaka minne, hakujua, na kwamba kutojua hakukumsaidia mtu wa Elbor. Kisha akasema hataweka kidole mpaka kata tisa ziamue zenyewe nani aende na wangapi, na kwamba amefungua ramani ya hereni zote, kila kata ione mifugo ya kila kata.

Kwa dakika nzima hakuna kisima kilichojibu.

"Imezimika?" alimuuliza Isacko.

"Inafanya kazi vizuri sana," Isacko alisema.

Kisha wote wakaanza kwa pamoja.

Siku tatu zilizofuata zilimzeesha. Walimtukana kwanza, kata moja moja, kwa utaratibu, kana kwamba wamepanga foleni. Alikubali. Kisha wakaanza kutukanana wao. Kata ya Gololo ilisema Hurufa imeficha mbuzi elfu tano. Hurufa ikaonyeshwa kwenye ramani, ikasema wale ni wa wageni. Mzee mmoja wa mpakani alichukua saa nzima kueleza arusi ya mwaka sabini na tisa iliyoharibika, na alipoulizwa arusi ile inahusiana nini na nyasi, akaanza upya ili aeleweke. Mtu fulani, ambaye hawakumjua kamwe, alikuwa akikohoa kwenye simu kila lilipokaribia kupatikana neno la maana.

"Jamani!" Darare alipiga meza. "Wanyama wamesimama jua kali wakiwasubiri! Semeni idadi!"

"Wewe ndiye uliyewasimamisha," kikamjibu kisima cha Gololo.

Na ilikuwa kweli. Kila asubuhi Isacko alimletea hesabu ya waliokufa wakisubiri. Kila jioni Mwakisha alituma ujumbe wenye neno moja: "Saini."

Aliyewanyoosha alikuwa msimamizi wa kisima cha Elbor, mwanamke aliyeitwa Sori Jatani, mwenye sauti kavu kama kuni. "Nilikaa mwaka juzi nikitazama juu," alisema siku ya tatu. "Basi nisikilizeni. Laki mbili gawa kwa tisa. Elfu ishirini na mbili kila kata. Wenye maziwa na wenye mimba ndio waende. Madume na wanyama wazee wachinjwe leo wakiwa bado na nyama, tukaushe. Anayeona hesabu hii ni mbaya aseme iliyo nzuri, na asiseme kitu kingine chochote."

Walinung'unika mpaka alasiri, lakini hakuna aliyesema iliyo nzuri. Kata tisa zikakubali, moja baada ya nyingine. Hurufa ilikubali ya mwisho, na Darare aliitambua sauti ya Elema iliyosema "sawa". Ilikuwa sawa fupi mno.

Asubuhi ya siku ya nne aliweka kidole. Hereni zikavuma. Kwenye ramani, nukta zikaanza kusogea kutoka pande nane.

"Nane?" alisema.

Hurufa haikuwapo. Nukta zake zote zilikuwa zimezimika.

Haikupita robo saa, redio ikalipuka. Gololo ilisema kama Hurufa inakwenda kwa wizi na mifugo yote, Gololo nayo inatoa yote iliyobaki. Mpakani wakasema hivyohivyo. Darare hakungoja kusikia wa tatu. Alichukua kishikwambi na funguo za gari la kituo.

* * *

Aliwakuta kwenye njia ya mawe meusi, nusu siku kutoka Harsama, na kabla ya kuwaona aliliona vumbi lao. Ilikuwa Hurufa nzima: ngamia, mbuzi, kondoo, punda waliobebeshwa fito za nyumba, wanawake na vyungu vyao. Elema alikuwa mbele. Darare alisimamisha gari katikati ya njia, akashuka, akaketi chini mbele ya gurudumu. Hakuwa amekusudia ushujaa wowote.

"Ondoa gari, dada," Elema alisema.

"Ulisema sawa. Nilikusikia."

"Nilisema ili niache kukusikia ukilia redioni." Alikuwa amekonda, na midomo ilikuwa imepasuka. "Nina elfu hamsini na tatu hapa nyuma na watu mia nane. Unataka nichague nani? Ulitaka tujue, dada. Sasa tunajua. Huko kujua ndiko kunakotupeleka."

Hayo yalikuwa maneno ya Mwakisha kasoro shati. Darare aliyasikia yakiingia. Alikuwa amechoka na anga, na mashine, na ndugu zake, na watu wote wenye kuuliza na wasiopenda kujibiwa.

"Pita basi," alisema mwishowe. "Sina nguvu ya kukuzuia. Lakini ziwashe."

"Nini?"

"Hereni. Ukienda kuwanyang'anya watu nyasi, nenda wakikuona. Mimi nilifanya gizani miaka minne, Elema. Nilikuwa mtu mwema kabisa, nikiweka kidole changu kwa wakati, na Elbor ikaisha. Ziwashe uende."

Elema aligeuka kulitazama kundi lake. Mwanamke mmoja nyuma yake, mkewe, alisema kitu kwa sauti ya chini. Elema akachomoa kidhibiti kutoka kwenye mkanda, akabonyeza kwa hasira kama anayeua mdudu.

Kwenye kishikwambi cha Darare nukta elfu hamsini na tatu ziliwaka kwa mpigo mmoja. Ziliwaka hivyohivyo kwenye visima vyote tisa. Redio ya gari, iliyokuwa ikigombana muda wote, ikanyamaza.

Ikafunguka sauti kavu. "Hurufa, hapa ni Elbor. Tunawaona." Ilikuwa Sori. "Ninyi ni wengi mno. Mnajua wenyewe. Watoto wenu nao ni wengi, hilo nalo nalijua. Tunawapa elfu mbili kutoka fungu letu, muweke ishirini na nne. Zaidi ya hapo tutakutana kisimani, na sitaki kukutana nanyi hivyo. Mnasemaje?"

Elema alisimama na mkono juu ya shingo ya ngamia wake. Alitukana, taratibu, akimtaja Darare, na mashine, na Sori, na mwezi wa tatu wote.

Haukuwa mwisho mwema kwa kila mtu. Mvua ilinyesha Harsama tarehe kumi na saba Aprili, nayo haikuongeza hata milimita moja kwa ajili ya mapatano yao. Nyasi zilifika Juni zikiwa vishina. Hurufa ilipoteza zaidi ya nusu ya mifugo, Gololo vilevile, na nyama iliyokaushwa iliingiwa na wadudu sehemu nyingi. Darare alipokea barua ya kusimamishwa kazi, iliyoandikwa kwa upole. Hakuna aliyezikwa kisimani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule, kwenye njia ya mawe meusi, Elema alichukua fimbo kutoka mkononi mwa mkewe, akaiambia redio neno moja, "Sawa," na safari hii halikuwa fupi. Kisha akarudi katikati ya kundi, watu wote wa Hurufa wakimtazama, akaanza kuwatenga wanyama wa kurudishwa nyuma. Alianza na wa kwake.